Bunduki, Haki na Ukomo wa Mamlaka ya Dola: Mjadala wa Silaha za Raia Ukitazamwa kutoka Ryansoro, Gitega na Muyinga nchini Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hoja kwamba raia wanapaswa kuwa na haki ya kumiliki bunduki ili waweze kuizuia serikali inayovuka mipaka yake. Hoja hiyo, ambayo asili yake inayofahamika zaidi ni Katiba ya Marekani, imeanza kusikika katika mazungumzo ya watu wa Afrika Mashariki, hususan katika nchi zilizoonja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makala yanaipima kwa mizani ya historia ya Burundi, kuanzia matukio ya 1972 na 1993, mpango wa walinzi wa amani, Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, sheria ya silaha ya mwaka 2009 na mgogoro wa 2015. Yanadai kwamba Burundi ilikwishalijibu swali hilo kwa njia yake: iliamua kuligawa jeshi badala ya kuwagawia raia bunduki. Hata hivyo, jibu hilo linabaki nusu ikiwa msako wa silaha wenyewe unageuka kuwa mlango wa uonevu. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kinga nne ambazo mkaazi wa kilima anazihitaji zaidi kuliko bunduki.

Maneno muhimu: silaha za raia, haki, kibali, dola, ubushingantahe, Burundi

1.0 Utangulizi

Swali la nani ashike bunduki ni swali la nani amwogope nani. Katika nchi tulivu swali hili huonekana kuwa la wawindaji na walinzi wa mabenki. Katika nchi ambayo kila kizazi kimezika watu wake, ni swali la uhai. Ndiyo sababu mjadala wa haki ya kumiliki silaha hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo kutoka ng'ambo na kupandikizwa katika vilima vya Burundi bila kwanza kuuliza udongo wenyewe unakumbuka nini.

Makala haya yanautazama mjadala huo kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni Ryansoro, tarafa ya vilima na mashamba katika mkoa wa Gitega, inayowakilisha hapa Burundi ya wakulima walio mbali na makao makuu ya vikosi. Ya pili ni Gitega yenyewe, mji wa kale wa utawala ambao tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa. Ya tatu ni Muyinga, kaskazini mashariki, mkoa unaopakana na Tanzania na Rwanda na ambao una wazungumzaji wengi wa Kiswahili. Majina ya mikoa na tarafa yanayotumika ni ya kabla ya mageuzi ya kiutawala yaliyopitishwa mwaka 2023, ambayo yaliipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, kwa kuwa matukio mengi yanayojadiliwa yalitokea chini ya mpangilio ule wa zamani.

Sehemu hizi zimeunganishwa na historia, na mbili kati yake zimeunganishwa pia na mto. Mto Ruvubu hupita katika nyanda za kati za Gitega na Karusi, ukaelekea Muyinga na hatimaye Tanzania. Msomaji atauona mto huo mara mbili katika makala haya, na mara zote mbili umebeba ushahidi wa kile ambacho dola inaweza kuwafanyia raia wake.

2.0 Istilahi: haki, kibali na Leta

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kuyaweka maneno mahali pake, maana mkanganyiko mwingi wa mjadala huu ni mkanganyiko wa lugha. Katika Kiswahili neno haki hubeba maana mbili: stahili ya mtu, na uadilifu wa maamuzi. Tunasema "haki yangu" na tunasema "kutenda haki" kwa neno lile lile. Kirundi hutenganisha mambo hayo. Stahili na heshima ya mtu ni agateka, kama katika usemi agateka ka zina muntu, yaani haki za binadamu. Uadilifu wa maamuzi ni ubutungane. Anayedai bunduki kuwa haki yake anazungumzia agateka. Anayehofia bunduki ya jirani anazungumzia ubutungane. Wote wawili, wakisema Kiswahili, watatumia neno moja na kudhani wanajibizana.

Tofauti ya pili ni kati ya haki na kibali. Haki ni kitu ambacho serikali hukikuta kwa raia na kutakiwa kukiheshimu. Kibali ni kitu ambacho serikali hukitoa, na kwa hiyo inaweza kukichukua. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki umiliki wa bunduki ni suala la kibali. Mtu huomba, huchunguzwa, hupewa leseni yenye masharti, na leseni hiyo hufutika.

Tofauti ya tatu ni kati ya serikali na dola. Serikali ni watu walio madarakani leo. Dola ni mfumo unaobaki wanapoondoka. Kirundi cha kila siku huviita vyote viwili Leta, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa, na mkulima anaposema Leta huenda akawa anamaanisha rais, mtawala wa tarafa au askari polisi aliyesimama njiani. Mchanganyiko huu una uzito wake. Mtu asiyeitenganisha serikali na dola huona njia mbili tu mbele ya uonevu: kutii au kupigana. Njia ya tatu, ya kuitumia dola dhidi ya serikali, yaani kwenda mahakamani, hufichwa na msamiati wenyewe.

3.0 Hoja ya bunduki kama ngao

Hoja inayojadiliwa yafaa kuelezwa kwa uadilifu kabla ya kupimwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa mwaka 1791 na watu waliotoka kupigana na mfalme. Walihofia jeshi la kudumu lililo mikononi mwa serikali kuu, wakaona kwamba wananchi wenye silaha, waliopangwa katika vikosi vya majimbo, wangekuwa kizuizi dhidi ya dhuluma. Kwa zaidi ya karne mbili wanasheria walibishana iwapo haki hiyo ni ya kikosi au ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba ni haki ya mtu binafsi, hasa kwa kujilinda nyumbani.

Hoja hii ina nguvu zake, na ingekuwa kosa kuibeza. Kwanza, ni kweli kwamba serikali nyingi zilizoangamiza raia wake ziliwakuta hawana silaha. Pili, ni kweli kwamba amri ya kusalimisha bunduki mara nyingi huwafikia wanyonge kabla ya wenye nguvu, na pengine haiwafikii wenye nguvu kabisa. Tatu, mtu anayeishi mwendo wa saa nyingi kutoka kituo cha polisi hawezi kuambiwa kwa dhamiri safi kwamba ulinzi wake ni kazi ya mwingine. Mrundi aliyepoteza baba yake mwaka 1972 anaweza kuisikia hoja hii na kuona kuwa imetungwa kwa ajili yake. Methali ya Kirundi husema ijoro ribara uwariraye: usiku husimuliwa na aliyeukesha. Tuusikilize, basi, usiku wa Burundi wenyewe.

4.0 Ushahidi wa historia

4.1 Mwaka 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi wa silaha ulizuka kusini mwa nchi, katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakawaua Watutsi. Wakati huo huo, mfalme wa zamani Ntare wa Tano, aliyekuwa kizuizini Gitega, aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Kisha utawala wa Michel Micombero ukaanzisha ukandamizaji uliowalenga Wahutu, hasa wasomi, walimu, wanafunzi, askari na wafanyabiashara, katika nchi nzima, hata mahali ambapo hapakuwa na dalili yoyote ya uasi. Makadirio mengi ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000.

Mapema mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kuwa imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya halaiki mkoani Karusi, karibu na Mto Ruvubu, ambako watu waliokamatwa Gitega walisafirishwa na kutupwa. Ingawa kazi ya Tume hiyo ina wakosoaji wake, mifupa, nguo na miwani iliyofukuliwa ilionekana na wengi.

Je, mwaka 1972 unathibitisha hoja ya bunduki? Unathibitisha nusu yake: kwamba dola inaweza kuwa muuaji. Nusu ya pili, kwamba silaha za raia zingemzuia muuaji huyo, haithibitiki. Wengi wa waliouawa hawakutekwa vitani. Waliitwa ofisini, wakaenda kwa miguu yao kwa sababu walikuwa raia watiifu, na hawakurudi. Aidha, ule uasi wa silaha wa kusini haukuwalinda waliokuwa Gitega; uliupa utawala kisingizio cha kumhesabu kila msomi wa Kihutu kuwa mwasi.

4.2 Mwaka 1993

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimpindua na kumuua Rais Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa kwa kura ya watu wote katika mfumo wa vyama vingi, na ambaye alikuwa madarakani kwa muda wa miezi mitatu tu. Hapa tena ni bunduki za dola zilizovuka mpaka. Lakini kilichofuata katika vilima kinaivuruga picha ya raia anayejihami dhidi ya serikali. Majirani wa Kihutu waliwageukia majirani zao wa Kitutsi ambao hawakuwa na mkono wowote katika mapinduzi. Kisha jeshi na makundi ya vijana wa Kitutsi wakawaua Wahutu kwa kulipiza kisasi. Kibimba, mkoani Gitega, wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto wakiwa wamefungiwa ndani ya jengo. Waliofanya hivyo waliamini, au waliambiwa waamini, kwamba wanapinga dhuluma ya jeshi.

Somo la 1993 ni kali: hasira dhidi ya dola, ikikosa njia ya kuifikia dola, humshukia aliye karibu. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya dikteta hutumika kwa jirani, kwa sababu dikteta ana walinzi na jirani hana.

4.3 Walinzi wa amani

Katika vita vilivyofuata, serikali yenyewe iliwapa raia silaha. Kuanzia miaka ya 1997 na 1998 utawala wa Pierre Buyoya ulijenga kikosi cha wanamgambo wa vijijini walioitwa walinzi wa amani. Wengi hawakulipwa mshahara, mafunzo yao yalikuwa mafupi, na baadhi walikuwa watoto. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Desemba 2001 ilieleza jinsi raia walivyolazimishwa kujiunga na jinsi baadhi ya walinzi hao walivyowaibia, kuwabaka na kuwaua wale waliopaswa kuwalinda.

Mfano huu unapaswa kuzingatiwa na kila anayedhani kuwa raia mwenye bunduki ni kinyume cha dola. Huko vilimani bunduki haikumpa raia uhuru; ilimfanya kuwa mkono mrefu wa serikali, asiye na sare wala nidhamu wala malipo. Vita vilipokwisha, walinzi hao, waliohesabiwa kuwa takriban 20,000, walipaswa kunyang'anywa silaha na kupewa kiinua mgongo cha faranga 100,000 za Burundi kila mmoja. Si bunduki zote zilizorudi.

5.0 Jibu la Burundi: kuligawa jeshi

Mkataba wa Amani na Maridhiano uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela aliyempokea kijiti Julius Nyerere, ulilikabili swali lile lile lililowasumbua Wamarekani wa 1791: nani atawalinda watu dhidi ya jeshi? Jibu lake lilikuwa tofauti kabisa. Badala ya kuweka silaha nje ya jeshi ili zilitishe jeshi, Mkataba uliingiza mizani ndani ya jeshi lenyewe. Katiba ya Machi 2005 iliweka kanuni kwamba, kwa muda utakaoamuliwa na Seneti, hakuna kabila linaloweza kuzidi asilimia 50 ya vikosi vya ulinzi na usalama. Sababu ilitajwa waziwazi: kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi ya kijeshi. Katiba hiyo hiyo ilikataza kuundwa kwa kikundi chochote cha silaha nje ya vikosi halali.

Huu ni mchango wa Burundi katika fikra za kikatiba duniani, na haujatangazwa vya kutosha. Maana yake ni kwamba askari anayeamriwa kwenda kuua kilimani atakuwa na mwenzake, bega kwa bega, anayetoka katika kilima hicho hicho au kinachofanana nacho. Ngao ya raia ni dhamiri iliyogawanyika ya kikosi.

Kanuni hiyo ilifuatwa na sheria ya tarehe 28 Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, miaka tisa kamili baada ya Arusha, iliyoweka umiliki wa bunduki chini ya kibali. Mwezi Oktoba mwaka huo wananchi walipewa muda wa kusalimisha silaha bila kushitakiwa, na waliosalimisha walipewa vifaa vya ujenzi na bidhaa nyingine. Burundi pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inayodhibiti silaha hizo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Katika hali ya amani, na kwa kubadilishana kitu kwa kitu, watu wengi walikubali.

6.0 Ufa katika jibu hilo

Mgogoro wa 2015 ulionesha mahali ambapo jibu la Arusha lina ufa. Mwishoni mwa Aprili wananchi wa Bujumbura waliingia mitaani kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Mei 13 kulitokea jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Mwanzoni mwa Novemba Rais alitoa siku chache, hadi tarehe 7, kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha. Amri ya aina ile ile ambayo mwaka 2009 ilipokewa kama mwaliko, mwaka 2015 ilisikika katika mitaa ya upinzani kama tishio, na familia nyingi zikahama kabla ya muda kwisha. Desemba 11 watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi. Msako uliofuata katika mitaa ya Musaga na Nyakabiga uliacha maiti barabarani. Jeshi lilitangaza kuwa watu 87 waliuawa. Kufikia mwaka 2017 zaidi ya Warundi 400,000 walikuwa wakimbizi, wengi wao katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kwamba shambulio la Desemba halikuzuia uonevu, liliufungulia mlango. La pili, ambalo watetezi wa udhibiti wa silaha hulikwepa, ni kwamba msako wa silaha wenyewe unaweza kuwa chombo cha uonevu. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai iliyorekebishwa Mei 2018 inaruhusu, kwa baadhi ya makosa yakiwemo ya kumiliki silaha kinyume cha sheria, upekuzi wa usiku na upekuzi bila hati ya upekuzi. Kwa mkaazi wa Ryansoro asiye na bunduki, hiyo ina maana kwamba tuhuma tupu ya bunduki yatosha kumwamsha usiku wa manane. Na tuhuma haigharimu kitu: jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba anaweza kuitoa.

Ufa wa tatu ni vijana wa chama. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Burundi, iliyofanya kazi kuanzia 2016 hadi 2021, iliwataja mara kwa mara Imbonerakure, umoja wa vijana wa chama tawala, kuwa wanashiriki katika ukamataji na doria bila mamlaka ya kisheria; serikali ilizikataa ripoti hizo. Hoja ya makala haya haihitaji kuamua kila tukio. Inatosha kusema kwamba kanuni ya kukataza vikundi nje ya vikosi halali haina maana ikiwa inamhusu mpinzani tu.

7.0 Majirani wanatufunza nini

Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hutoa onyo kwa pande zote mbili. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, wafugaji wa Kimatheniko walijichukulia bunduki katika ghala la kambi ya Moroto. Silaha hizo hazikuwa ngao dhidi ya Kampala. Ziligeuka kuwa nyenzo ya kuibiana ng'ombe. Lakini zoezi la serikali la kuzikusanya, lililoanza kwa hiari mwaka 2001 na baadaye kuwa la nguvu, liliandamana na vipigo na mauaji, na jamii iliyotangulia kusalimisha ilijikuta uchi mbele ya jirani ambaye bado ana bunduki. Kunyang'anya silaha bila kutoa ulinzi ni kumhamisha mtu kutoka hatari moja hadi nyingine.

Usukuma na Unyamwezi, nchini Tanzania, miaka ya mwanzo ya 1980 ilizaa sungusungu: wanavijiji wenye pinde na mishale waliokabili wizi wa ng'ombe pale polisi waliposhindwa. Wizi ulipungua sana. Hata hivyo, palipokosekana mizani ya sheria, watuhumiwa wa uchawi waliuawa, na hatimaye dola ikalazimika kuwaingiza sungusungu katika mfumo wake. Wananchi wana uwezo wa kujilinda, naam; lakini ulinzi bila hakimu huishia kuwa hukumu bila kesi.

Katika uwanja mpana zaidi, watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua kampeni 323 za upinzani duniani kati ya 1900 na 2006. Waligundua kuwa zile zisizotumia silaha zilifanikiwa takriban mara mbili zaidi ya zile za silaha. Sababu wanayoitaja inaeleweka hata kilimani: mzee, mama mwenye mtoto mgongoni na mwalimu wanaweza kushiriki katika mgomo, hawawezi kushiriki katika uvamizi wa kambi. Na kadiri wanavyokuwa wengi, ndivyo askari anavyozidi kumwona mtu wake miongoni mwao.

8.0 Muyinga: mto na mahakama

Mfano unaofaa zaidi kwa mada yetu uko Muyinga. Katikati ya mwaka 2006 watu waliokamatwa mkoani humo na vyombo vya usalama, wakituhumiwa kuwa wafuasi wa kundi la waasi la FNL, walitoweka. Muda si mrefu miili ilionekana katika Mto Ruvubu. Waliouawa walifikia takriban 30.

Hapakuwa na kilima kilichochukua silaha kwa sababu hiyo. Familia ziliuliza majina. Watu waliotazama mto walisema walichokiona. Redio binafsi zilitangaza, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika na kushinikiza. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, na uchunguzi ulisuasua mara kadhaa, lakini mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kadhaa kwa mauaji hayo. Haki hiyo haikukamilika, maana si wote waliotajwa waliofikishwa kizimbani. Hata hivyo, katika nchi ambayo mwaka 1972 mto huo huo ulibeba maelfu bila hukumu hata moja, kuona wenye sare wakihukumiwa kwa kuwaua wakulima ni jambo ambalo bunduki haijawahi kulipata Burundi.

Njia hiyo imepanuka nje ya mipaka. Mwezi Mei 2015 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, katika kesi iliyofunguliwa na umoja wa wanahabari wa Burundi, iliamua kuwa baadhi ya vifungu vya sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 2013 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Novemba 2021 Kitengo cha Rufaa cha mahakama hiyo kikaamua kuwa hukumu ya Mahakama ya Katiba iliyoruhusu muhula wa tatu ilikiuka Mkataba huo. Hukumu ya pili ilikuja baada ya muhula wenyewe kwisha na Rais Nkurunziza kufariki. Ucheleweshaji huo ni udhaifu usiofichika. Lakini imewekwa kumbukumbu ambayo serikali yoyote ijayo itakutana nayo.

9.0 Kinga nne za mkaazi wa kilima

Tukirudi Ryansoro, tunapaswa kuuliza: kama hatumpi mkulima bunduki, tunampa nini? Kumwambia aiamini Leta hakutoshi. Makala yanapendekeza kinga nne.

Kwanza, hati ya upekuzi iwe sharti, na upekuzi wa usiku uwe wa nadra na wenye shahidi kutoka kilimani. Sheria inayomtaka raia asiwe na silaha inapaswa kumhakikishia, kwa uzito ule ule, kwamba mlango wake hautavunjwa kwa uvumi.

Pili, muda wa kuwekwa kizuizini uheshimiwe. Sheria ya Burundi imeweka siku saba, zinazoweza kuongezwa mara moja tu, kabla mtuhumiwa hajafikishwa mbele ya mwendesha mashitaka. Familia inayoijua kanuni hii inaweza kusimama mbele ya kituo siku ya nane na kuuliza swali lenye msingi. Isiyoijua hulia tu.

Tatu, ubushingantahe urudishiwe heshima yake. Umushingantahe, kwa asili ya neno, ni yule anayesimika intahe, fimbo ya haki, chini. Alichaguliwa kwa ukweli wake, akaapishwa mbele ya watu, na kazi yake ilikuwa kusema neno la haki hata mbele ya mkubwa. Mkataba wa Arusha ulitaka taasisi hiyo ihuishwe. Siasa za baadaye ziliisukuma pembeni. Taasisi hiyo ilikuwa na kasoro zake, ikiwemo kuwaweka wanawake nyuma ya waume zao. Lakini yenyewe ni jibu la Kirundi kwa swali la ukomo wa mamlaka: fimbo isiyopiga mtu, inayopiga ardhi ili watu wasikilize.

Nne, sheria itamkwe kwa lugha ya anayehukumiwa nayo. Sheria ya silaha iliyoandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria haimlindi msemaji wa Kirundi wa Ryansoro wala mfanyabiashara wa Kiswahili wa Muyinga. Hapa wanataaluma wa Kiswahili tuna kazi ya moja kwa moja: kuandaa istilahi sahihi za upekuzi, kizuizi, kibali na rufaa, zinazolingana na Kirundi, ili zitumike redioni, mashuleni na katika ofisi za tarafa.

10.0 Hitimisho

Hoja ya bunduki kama ngao dhidi ya serikali imetokana na hofu ya kweli, na Warundi wana sababu nyingi kuliko wengi za kuielewa hofu hiyo. Lakini historia yao inaonesha kwamba silaha za raia hazikuzuia mauaji ya 1972, zilisambaza ya 1993 na ya vita vilivyofuata, na mwaka 2015 ziliipa serikali sababu iliyoihitaji. Inaonesha pia kwamba kukusanya silaha bila kuifunga mikono ya anayezikusanya ni kuhamisha bunduki zote upande mmoja na kuomba dua.

Arusha ililigawa jeshi. Kazi iliyobaki ni kuugawa uwezo wa kushitaki, kupekua na kuhukumu, ili pasiwepo mkono mmoja unaofanya yote usiku mmoja. Siku mkaazi wa Ryansoro atakapoweza kumwuliza askari aliyesimama mlangoni pake, "Hati iko wapi?", na askari akaona haya kukosa jibu, mjadala wa haki ya bunduki hautakuwa na wa kuubishania kilimani.